Alama Iliyozibwa kwa Nta

Nürnberg, Alhamisi, 1 Oktoba 1992

Jua zuri kutwa. Msimu wa samaki wa bwawani umeanza, kwa hiyo leo mezani kwa Bi Gunda kila mtu alikuwa na nusu samaki wa kukaanga mbele yake, mkia umejikunja nje ya sahani. Tulikuwa saba. Sote ni wastaafu na sote tunaugua ugonjwa mmoja: saa za jua za mfukoni, zile ndogo za mbao au pembe ya ndovu zinazofunguka kama kitabu, zenye uzi wa kutupa kivuli na dira ya kuonyesha kaskazini. Mafundi wa mji huu walizitengeneza kwa karne nzima na zaidi, na sisi tunazisaka kwenye masanduku ya marehemu.

Daktari Pröls, mwenyekiti wetu, mtu aliyeuza dawa miaka arobaini na bado anaongea kama anakupa maelekezo ya vidonge, aligonga glasi kwa kisu.

"Mwakani meza yetu inatimiza miaka arobaini. Tutachapa kitabu, na kila mmoja ataandika sura yake. Bi Dörfler ataandika habari za saa bandia zilizowahi kuletwa hapa."

"Nani mwingine?" akadakia Schorsch Wieland, dereva wa treni wa zamani. "Bi Sindano akishika saa yako, we tubu tu kabla hajafungua mdomo."

Wakacheka, nami nikacheka. Sitajidanganya katika daftari langu mwenyewe: nilifurahi sana. Miaka thelathini na minne nilichora ramani katika ofisi ya upimaji ardhi, wanaume wakiziweka sahihi zao chini ya mistari yangu. Hapa mezani angalau jicho langu lina jina.

"Anza na ile ya Hupfer," Daktari Pröls akasema. "Na jina lake liandikwe kamili."

"Liandikwe," nikasema, nikaomba kachumbari nyingine ya viazi.

2 Oktoba

Nimeanza sura. Ngoja niiweke hapa kwanza kwa lugha nyepesi, kisha nitaivalisha suti.

Sindano ya dira haielekei kaskazini kamili. Hukengeuka kidogo, na ukengeuko huo hubadilika polepole kadiri miaka inavyopita. Mwaka 1613 hapa mjini sindano ilikaa upande wa mashariki ya kaskazini. Kufikia mwaka 1800 ilikuwa imehamia mbali magharibi. Siku hizi imerudi karibu katikati. Mafundi wa kale walichora mstari ndani ya dira kuonyesha mahali sindano inapopaswa kutulia. Basi ukiusoma mstari, umeusoma mwaka.

Kilian Hupfer alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha baiskeli, na ndiye aliyetutengenezea saa zetu zote zilizoharibika. Vuli ya mwaka 1981 alileta saa yake mwenyewe mezani, ya pembe, yenye alama ya samaki aliyejikunja na mwaka 1613. Niliifungua. Mstari wa dira ulikuwa magharibi. Sikuhitaji hata kuvaa miwani. Niliirudisha mezani nikasema, "Aliyechonga hii amekosea karne."

Walicheka mpaka Bi Gunda akatoka jikoni. Kisha Daktari Pröls akauliza kwa upole ni nani kati yetu mwenye mikono ya kuweza kazi safi namna ile. Tulimtazama Hupfer tu. Akaifunga saa yake ndani ya leso, akavaa koti, akatuaga kwa jina mmoja mmoja, akaondoka. Hajarudi tangu siku hiyo, na hakuna aliyempelekea tena kazi.

3 Oktoba

Jua. Nimepanga saa zangu sita za jua dirishani, zote zimekubaliana.

6 Oktoba

Mawingu. Nimemtoa Yungi wangu nimpanguse. Namwita hivyo kwa sababu ya alama ya yungiyungi ya fundi wake. Ndiye ninayempenda kuliko saa zangu zote arobaini na moja, na sindano yake huamka haraka kuliko ya saa yoyote niliyowahi kuishika. Alikuwa kwa Hupfer akitengenezwa wakati ule wa kisa cha 1981. Wiki mbili baadaye nilimkuta amening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu, amefungwa kwa gazeti, sindano imesafishwa kutu yote.

Ni kwenye sindano hiyo, iliyokwisha kusafishwa, ndipo nilipoona kwa lenzi samaki mdogo aliyegongwa kwa mhuri. Samaki halisi, wa karakana ileile ambayo mghushi wa saa ya Hupfer aliiga alama yake! Sindano ya Samaki ndani ya saa ya Yungiyungi! Niliandika makala ya kurasa kumi na mbili, "Ndoa ya Yungiyungi na Samaki", nikathibitisha kwamba karakana hizo mbili ziliungana kwa kuoana karibu na mwaka 1620. Daktari Pröls anasema ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka mezani petu. Huwa hasifu ovyo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nilikwenda Fürth kwenye duka la vitu vya kale. Nimepata saa ya mbao, ya karibu 1640, imetoka kwenye nyumba ya wakulima iliyovunjwa. Bawaba moja imekatika na uzi hakuna, lakini dira ni nzima. Mstari wake uko magharibi kabisa. Nikajisemea, haya, nimepata bandia nyingine ya kuweka katika sura yangu.

Nyumbani nikaiweka chini ya lenzi. Upande wa mashariki kulikuwa na kitu kama ufa mwembamba. Nikaugusa kwa ncha ya pini, ukatoa unga mweusi. Haukuwa ufa. Ulikuwa mstari uliozibwa kwa nta. Na ndani ya kifuniko, kwa wino uliofifia, mtu aliandika: "Mstari mpya, 1788, kwa kuwa sindano imehama."

11 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekaa na ile saa ya mbao tangu asubuhi.

Mkulima mmoja alirithi saa ya babu yake, akaona sindano haitulii tena penye mstari, akaziba ule wa zamani akachora mwingine. Basi. Alitaka kujua saa ya kula tu, maskini, hakujua kwamba kuna mwanamke atakuja kuisoma alama ya kisu chake kama ushahidi wa jinai. Saa ni ya kweli na mstari ni wa kweli. Vimeachana miaka mia moja na hamsini tu.

Na ile ya Hupfer sikuitazama kwa lenzi.

13 Oktoba

Ukungu. Nitakwenda kwake jua likitoka. Saa ya jua haichunguzwi gizani.

14 Oktoba

Ukungu.

17 Oktoba

Ukungu. Nimefua mapazia.

22 Oktoba

Jua lilitoka kwa muda wa dakika kumi. Nilikuwa na viazi jikoni. Ningeweza kuzima jiko.

Jumapili, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote, mji mzima uko makaburini. Nilipeleka mshumaa kwa wazazi wangu kule Johannis, ambako mawe ya makaburi yamelala chini na kila fundi ana bamba lake la shaba lenye alama ya kazi yake. Nilikuwa nimeinama nikitafuta kiberiti nilipomwona Hupfer safu mbili mbele, mbele ya kaburi la mkewe. Amekonda. Ana miaka sabini na tisa sasa, lakini bado hukunja mikono ya koti mara moja, kama mtu anayejiandaa kushika kazi.

Nilitaka kugeuka. Akaniona.

"Bi Dörfler. Magoti yanaendaje?"

"Yananiamsha kabla ya jogoo. Ukungu gani huu, Bwana Hupfer!"

"Ndio mwezi wake." Akaukinga mshumaa wake kwa kiganja. "Na Yungi? Bado anaamka haraka?"

"Haraka kuliko wote."

Akatabasamu kidogo. "Najua."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilisema, "Basi, siku njema," nikaondoka kwa hatua ndefu kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Mimi, niliyemhukumu mtu kwa sauti mbele ya watu sita, sikuweza kusema neno mbele ya mtu mmoja.

5 Novemba

Mezani. Daktari Pröls aliuliza sura imefika wapi. Nikasema inakwenda.

"Msisahau kuweka kwamba Hupfer ni fundi wa karne ya kumi na saba aliyezaliwa mwaka 1913," Schorsch akasema, na meza nzima ikaangua kicheko.

Nilicheka. Hapa ninapoandika mashavu yananiwaka.

9 Novemba

Ukungu.

11 Novemba

Ukungu. Bata wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, peke yangu. Paja moja limenishinda.

18 Novemba

Mvua, angalau ni kitu kipya.

27 Novemba

Nimeandika sura mara tatu. Ya kwanza ina jina la Hupfer. Ya pili inasema "mwanachama mmoja wa zamani", na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu atajua ni nani nami nitajiona mwenye huruma. Ya tatu haimtaji kabisa, na Daktari Pröls ataiongeza mwenyewe kwa mkono wake. Nimezichana zote. Nikinyamaza, kitabu kitatoka na jina la mzee yule litakaa humo kama mghushi hata baada ya sisi sote kulala kule Johannis.

3 Desemba

Kurasa zinatakiwa kwa mchapaji tarehe 7 Januari. Leo nilijaribu kupitia mlango wa nyuma.

"Hivi jamani," nikasema, "itakuwaje kama mwenye saa alichora mstari mpya baadaye, sindano ilipohama?"

Daktari Pröls akafuta mdomo. "Basi nusu ya tulizozihukumu zingekuwa halisi, na wewe, Bi Dörfler, ungekuwa na watu wengi wa kuwaomba radhi."

Kicheko. Nikajifanya nina mwiba kooni.

Schorsch alinifuata mpaka kituo cha tramu, kofia imemfunika masikio.

"We Bi Sindano, una nini? Tangu Oktoba unamwachia paka wa Gunda nusu ya samaki."

Nikamweleza yote, palepale, tramu mbili zikapita.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote."

"Wewe ulicheka tu. Mimi ndiye niliyesema."

"Nenda kwake. Kwake kwanza, kabla hujaja kwetu. Usije ukamfanya ayasikie mtaani."

"Nasubiri jua."

"Acha hizo, mama. Jua likitoka utasubiri ukungu."

6 Desemba

Nimenunua kopo la mikate ya asali na viungo la kumpelekea Hupfer.

9 Desemba

Nimekula mmoja kuonja kama bado ni laini.

12 Desemba

Kopo ni tupu.

24 Desemba

Soseji na kachumbari ya viazi, kama kila mwaka. Nilimfungua Yungi mezani nipate mwenzangu. Sindano ikaamka, ikazunguka, ikatulia. Sijui kwa nini nimelia.

Jumatatu, 4 Januari 1993

Nimekwenda.

Anakaa mtaa wa Gostenhof, ghorofa ya tatu, mlango wenye bamba la shaba alilolichonga mwenyewe. Nilipumzika kila ngazi. Nilikuwa na kopo jipya la mikate, halijafunguliwa, na Yungi kwenye mkoba kwa sababu sikutaka kwenda peke yangu.

"Karibu, karibu, Bi Dörfler, pita jikoni, huko kwingine kuna baridi." Kana kwamba nilikuwa hapo wiki iliyopita. Meza yake ya kazi iko chini ya dirisha la jikoni, koleo na patasi zimepangwa kwa ukubwa, hazina vumbi. Akaweka maji ya chai.

Nilisema kabla sijakaa, maana ningekaa nisingesema. "Nimekuja kuiona saa yako ya 1613."

"Ile bandia?"

"Ile niliyoiita bandia."

Akanitazama. Kisha akavuta droo, na kati ya vijiko na mipira ya kufungia mitungi akatoa leso. Ilikuwa leso ileile, ya miraba ya buluu. Pembe imeiva rangi ya siagi. Nikaifungua. Uzi upo, samaki yupo, 1613 ipo. Ndani ya dira hamkuwa na sindano.

Nilitoa lenzi. Nikategemeza kiwiko mezani. Mstari wa magharibi, wa kina, nilioukumbuka. Na upande wa mashariki, digrii nane au karibu, mstari mwingine mwembamba wenye rangi kidogo tofauti na pembe. Nikaugusa kwa ukucha. Nta.

"Upo," nikasema. "Mstari wa kwanza upo. Saa yako ni halisi, Bwana Hupfer. Sikutazama. Nilisema bila kutazama, na nimejua tangu Oktoba, na nimekaa kimya miezi mitatu kwa aibu. Naomba radhi."

"Upo," akasema yeye. "Hata siku ile ulikuwepo."

"Ulijua?"

"Siku ile? Hapana. Siku ile nilikuamini." Akamimina chai. "Nilirudi nikamwambia Traudl, mke wangu, nimepigwa, nimeuziwa bandia. Akaniuliza, nani kasema? Nikamwambia, Bi Dörfler, na yule hakosei. Sasa hapa mezani kulikuwa na Yungi wako. Sindano yake ilikuwa imelika yote. Nilipoishika tu ikakatika vipande viwili. Nikasema, kitu bandia hakina haja ya kubaki kizima. Nikaitoa ya kwangu nikaitia kwako."

Kwanza sikuelewa. Niliendelea kukoroga chai ambayo sikuitia sukari. Kisha nikaelewa, na kijiko kikaniponyoka.

"Samaki," nikasema.

"Samaki!" Akavuta ile droo tena, akatoa kurasa kumi na mbili zilizobanwa kwa pini. Makala yangu. "Mtu alimpa Traudl. Alinisomea hapahapa. Tulicheka, Bi Dörfler, tulicheka hadi akashika mbavu. Ndoa ya Yungiyungi na Samaki! Na mshenga ni mimi na koleo langu!"

Akacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye, kwa sababu kweli inachekesha. Halafu akaacha kucheka, akaziweka kurasa chini.

"Usiku tukalala, nikawaza. Sindano ilipokuwa kwangu ilikuwa ya mghushi. Ilipofika kwako ikawa ya karne ya kumi na saba. Sindano ni ileile. Hata kuisafisha sikuisafisha. Kilichobadilika ni mkono ulioishika tu. Asubuhi nikachukua lenzi nikaitazama dira yangu, ndipo nikauona ule mstari."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Niseme nini? Fundi wa baiskeli anakuja kuwaambia kwamba samaki wa Bi Dörfler ni samaki wake? Mngesema nimemgonga mhuri mwenyewe."

Ndivyo hasa ambavyo tungesema. Nakisikia kicheko chenyewe. Nilimwambia hivyo, kwamba tungesema hivyohivyo, na mimi ningekuwa wa kwanza. Akaitika kwa kichwa, bila hasira.

"Nilijua utakuja," akasema. "Una jicho zuri, na mtu mwenye jicho hawezi kukaa asione. Ila sikudhani itakuwa miaka kumi na moja. Traudl alifariki mwaka 1989. Yeye ndiye aliyetaka kusikia mkisema kwamba mlikosea. Mimi nilishazoea."

Hapo nililia, na sikuficha. Alinisogezea ile leso ya miraba ya buluu, kisha akafungua kopo la mikate akala mitatu mfululizo, ili mimi nipate muda wa kupenga kamasi.

Alhamisi, 7 Januari

Nimesoma sura yangu mezani kabla samaki hawajaletwa. Ina kurasa mbili tu. Inasema kwamba saa ya Kilian Hupfer ya mwaka 1613 ni halisi, kwamba ilihukumiwa na Walburga Dörfler bila lenzi, na kwamba makala ya Walburga Dörfler kuhusu ndoa ya karakana mbili imejengwa juu ya sindano iliyotolewa kwenye saa hiyohiyo. Majina yote kamili.

Bi Gunda alisimama mlangoni na sahani mbili, hajui azilete au azirudishe.

"Lakini makala yako," Daktari Pröls akasema, "nimeisifu kwenye dibaji!"

"Ifute."

"Jambo kama hili linahitaji kuchunguzwa kwa kina..."

"Basi chunguza." Nikamsukumia saa na lenzi. Hupfer aliniazima bila kuniuliza naipeleka wapi.

Akavua miwani, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu hadi sikio lake likawa jekundu. Tulisikia mafuta yakichemka jikoni. Alipoinuka hakuwa na sauti ya mwenyekiti.

"Mimi ndiye niliyeuliza ni nani mwenye mikono," akasema. "Wewe ulisema juu ya saa. Mimi nilisema juu ya mtu."

Schorsch akavua kofia, akaiweka mezani. Wote saba tumetia sahihi chini ya kurasa zile mbili, na Daktari Pröls amemwandikia Hupfer barua kwa mkono wake, kumwomba arudi kwenye kiti chake.

15 Januari

Hupfer amejibu kwa kadi. Daktari Pröls alinisomea kwenye simu. "Nawashukuru. Alhamisi nina kazi. K. Hupfer." Daktari aliniuliza ana kazi gani mzee wa miaka sabini na tisa. Nikamwambia ana kazi Alhamisi, na nikakata simu. Ana haki yake. Nilitamani mwisho mwingine, lakini mwaka 1981 hatukumwacha achague mwisho wake, na leo amechagua.

19 Januari

Ukungu.

23 Januari

Ukungu na theluji. Schorsch amepeleka saa yake yenye bawaba mbovu Gostenhof. Amekuta foleni: Daktari Pröls alikuwa ngazini na saa zake mbili ndani ya kasha la dawa.

30 Januari

Ukungu. Hupfer amepiga simu. "Jua likitoka," akasema, "nakuja na koleo." Akakata.

Jumanne, 2 Februari

Jua! Nimeamka nikaona mstari mweupe ukutani, nikadhani nimesahau taa. Anga safi kabisa. Saa nne na nusu kengele ya mlango ikalia, Hupfer huyo, anahema, mfuko wa zana begani.

Kwenye jiwe la dirisha langu kuna mstari niliouchora mwaka 1961, wa kaskazini na kusini kamili, niliupima mwenyewe kwa siku tisa. Aliutazama kwanza kabla hajasema lolote, akapitisha kidole. "Huu nao haukukosea," akasema.

Alimfungua Yungi. Sikuweza kutazama, nikatazama mikono yake tu. Akatoa sindano kwa ncha ya koleo, nyembamba, na samaki wake mgongoni, akaitia ndani ya dira ya 1613, akafunika kioo. Tukaiweka saa juu ya mstari wangu na kusubiri. Sindano ikaamka. Ilizunguka mara moja, ikasita, ikatulia karibu katikati, kati ya alama ya nta na ile nyingine, haijali yoyote kati ya hizo.

"Si ya mstari wa kwanza wala wa pili," nikasema.

"Ya leo." Akakuna kidevu. "Ungeniruhusu ningechora mstari wa tatu."

"Thubutu!"

Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha tukasogeza viti, tukakaa tukingoja kivuli cha uzi. Kilifika kwenye mstari wa adhuhuri saa ya jikoni ilipoonyesha saa sita na nusu, na kwa siku ya leo, hapa mjini, ndivyo inavyopaswa kuwa. Mzee alikuwa ameikumbatia leso yake mapajani, na najua alikuwa anaongea na Traudl.

Baadaye alitoa mfukoni kipande cha karatasi. Ndani mlikuwa na sindano mpya, ameichonga kutoka spiringi ya saa ya ukutani, amemtengenezea Yungi. Nilipoiweka chini ya lenzi niliona herufi mbili ndogo zilizogongwa kwa mhuri: K.H.

"Nimeweka jina," akasema, "mtu asije akaandika makala."

Nilichukua orodha yangu, nikafungua ukurasa wa Yungi, nikafuta mistari sita ya upuuzi wangu kuhusu ndoa. Nikaandika: "Saa ya pembe, Nürnberg, karibu 1620. Sindano ya Kilian Hupfer, Nürnberg, 1993. Halisi."

Akasoma polepole, midomo ikitembea. Akaniomba kalamu, akaongeza chini yake kwa mwandiko wa kiwandani, herufi zote zimesimama wima: "Shahidi ni W. Dörfler. Alitumia lenzi."